SOMO LA AFYA: ULEVI UNAVYOWAPOKONYA SILAHA ASKARI WA MWILI

Ndugu mfanyakazi,

Somo letu la leo ni la afya, lakini usilipite ukisema kwamba mambo ya afya ni ya daktari. Mfanyakazi hana kiwanda wala shamba kubwa la urithi. Mali yake ni mwili wake. Mwili ukianguka, mshahara unaanguka, watoto wanarudishwa kutoka shule, na mwenye nyumba anagonga mlango. Kwa hiyo kuulinda mwili ni kazi ya chama, sawasawa na kudai nyongeza ya mshahara.

Soma somo hili pamoja na wenzako wakati wa mapumziko. Asiyejua kusoma asomewe. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

1. HABARI YA MWENZETU

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kupakia magunia katika ghala moja hapa Kigali. Usiku ambao malori yalikuwa mengi, mnyapara alikuwa akituletea kidumu cha kanyanga. Kila mtu alipata kikombe kimoja kabla ya kuanza kazi na kingine saa sita za usiku. Tulimshukuru sana. Tulisema huyu ni mnyapara mwenye huruma.

Mmoja wetu, ambaye alitushinda sote kwa nguvu, alianza kunywa hata siku za mapumziko, kisha asubuhi kabla ya chai. Baada ya mwaka mmoja hivi akaanza kukohoa. Sisi tulisema ni vumbi la magunia. Yeye alisema ni baridi ya usiku, na kwamba kanyanga ingeipasha. Akakonda mpaka mkanda wake ukatobolewa matundu mapya. Siku moja alionekana amelewa kazini, akafukuzwa pale pale bila malipo. Alifukuzwa kwa kosa la pombe ile ile aliyofundishwa na mnyapara. Miezi michache baadaye tulipokwenda kumtazama, tulikuta watu wamekaa matanga. Alikufa kwa kifua kikuu.

Mimi nilikuwapo siku ile anafukuzwa. Nilijua pombe ilitoka wapi, na sikusema neno, kwa sababu nilihofia kibarua changu. Jambo hilo ndilo lililonileta katika chama, na ndilo linalonifanya niandike somo hili. Kifua kikuu kilimuua, lakini mlango kilifunguliwa na ulevi. Sasa tuone ulifunguliwa namna gani.

2. ASKARI WA MWILI NI NANI?

Kila siku tunavuta pumzi, tunakula, tunakatwa na visu na mabati, na kila mara vijidudu vya magonjwa vinaingia. Hatuugui kila siku kwa sababu mwili una walinzi. Walinzi hawa waganga huwaita kinga ya mwili.

Wamepangwa kama ulinzi wa kiwanda. Kwanza kuna ukuta, yaani ngozi, na ute wa pua na koo. Ndani ya njia ya pumzi kuna vinywele vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Kazi yao ni kufagia vumbi na vijidudu kuvitoa nje ya mapafu, usiku na mchana.

Baada ya ukuta wako askari wenyewe, nao ni chembechembe nyeupe za damu. Hawa wanatengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Katika tone dogo la damu, ambalo halizidi kichwa cha kiberiti, mtu mzima mwenye afya ana askari wapatao elfu nne mpaka elfu kumi. Wengi wao huishi muda mfupi, labda siku moja tu, kisha hufa. Kwa hiyo uboho unafanya kazi zamu zote bila sikukuu kutengeneza wengine. Wapo askari wa doria wanaomeza kila kijidudu wanachokikuta. Wapo wengine wanaokumbuka sura ya adui aliyekuja zamani; hao ndio wanaofundishwa na chanjo.

Ili askari hawa wafanye kazi wanahitaji chakula, usingizi, na ini lililo zima. Ukimnyima askari posho na usingizi, usishangae adui akipita langoni.

3. POMBE INAFANYA NINI?

Tuanze na pombe, kwa sababu ndiyo iliyo karibu nasi.

Kwanza, pombe inavilegeza vile vinywele vinavyofagia njia ya pumzi. Mlevi anapolala fofofo hata kikohozi chake kinalala, na mate au matapishi yanaweza kuteremka mapafuni. Ndiyo maana walevi wengi hupata homa ya mapafu.

Pili, pombe inawalewesha askari wenyewe. Wale wa doria walio mapafuni wanakuwa wazito. Wanakiona kijidudu lakini hawakimezi upesi. Waganga wamepima damu za watu waliolewa mara moja tu, wakakuta kwamba baada ya saa chache askari wa aina fulani wamepungua katika damu. Kwa hiyo hata yule anayelewa siku ya mshahara peke yake, usiku huo lango lake limebaki wazi.

Tatu, pombe inaunguza utumbo na kuharibu ini. Utumbo uliodhoofika unavujisha uchafu kuingia katika damu. Ini ndilo linalotengeneza sehemu ya silaha za askari, nalo likishughulika na sumu ya pombe kila siku, silaha hazitoki.

Nne, fedha ya pombe ni fedha ya maharage, mayai na dagaa. Mlevi hashibi, na askari wake hawashibi.

Sasa tutazame kifua kikuu. Kijidudu chake kiligunduliwa na daktari wa Kijerumani, Robert Koch, mwaka 1882. Karibu robo ya watu wa dunia nzima wamekibeba mwilini bila kuumwa, kwa sababu askari wao wamekizungushia boma. Katika kila watu mia waliokibeba, kati ya watano na kumi tu ndio watakaougua maishani mwao. Askari wakidhoofika, boma linabomoka. Waganga wamehesabu kwamba mtu anayekunywa zaidi ya gramu 40 za kileo halisi kwa siku ana hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara tatu kuliko asiyefanya hivyo.

Gramu 40 ni kiasi gani? Tupige hesabu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye nguvu ya asilimia 5, ina karibu gramu 28 za kileo. Chupa mbili ni gramu 56. Basi, ndugu, anayemaliza chupa mbili kubwa kila jioni amekwisha kuuvuka mpaka. Wala hajiiti mlevi.

Kanyanga ni hatari zaidi kwa sababu hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo. Sheria ya Rwanda imeihesabu pamoja na dawa za kulevya. Mpikaji asiyejua kazi, au mwenye tamaa, anaweza kuuza pombe yenye methanoli, nayo inapofusha macho na kuua. Desemba 2021 watu kadhaa wa Bugesera na Gasabo walikufa baada ya kunywa kinywaji cha namna hiyo wakati wa Krismasi.

Wenzetu wachuma chai wa milimani husema kwamba asubuhi ya ukungu lazima upate kidogo cha kupasha mwili. Huu ni udanganyifu. Pombe inapanua mishipa ya ngozi, hivyo unasikia joto, kumbe joto hilo ndilo linalotoka ndani ya mwili na kupotea. Baada ya muda mwili unaweza kupoa kuliko mwanzo. Uji wa moto na koti la mvua ndivyo vinavyopasha, na koti la mvua ni haki ya kudai kwa mwajiri.

4. KOKENI INAFANYA NINI?

Mwenzangu mmoja aliniambia: "Kokeni ni unga wa matajiri wa Ulaya, sisi inatuhusu nini?" Inatuhusu. Desemba 2004 huko Kenya zaidi ya tani moja ya kokeni ilikamatwa Malindi na Nairobi. Unga ukipita njia yako, siku moja utamwagika mlangoni pako. Vijana wetu wanasafiri na malori mpaka Mombasa na Dar es Salaam, na wengine wanakwenda kufanya kazi Uarabuni. Ni bora wajue mapema.

Kokeni hutokana na majani ya mmea unaoitwa koka, unaolimwa Kolombia, Peru na Bolivia. Wachimba madini wa Bolivia wametafuna majani hayo miaka mingi ili wasisikie njaa na uchovu. Mwaka 1860 Mjerumani mmoja, Albert Niemann, akatenga sumu yenyewe kutoka katika majani. Tofauti ya jani na unga ni kama tofauti ya juisi ya ndizi na kanyanga.

Unga huu unamdanganya mtu kwamba hachoki. Hali, halali, anajiona shujaa. Lakini mwili unaandika deni. Moyo unapiga mbio na mishipa inakazwa, hata damu haifiki vizuri. Anayevuta kwa pua, nyama ya ndani ya pua inakosa damu, inakufa, na ukuta wa pua unatoboka. Anayevuta moshi wake anaunguza mapafu. Kumbuka ule ukuta wa kwanza tuliousoma: tayari umebomolewa.

Kisha mwili unamwaga maji ya hofu, yale yanayotoka mtu anapofukuzwa na simba. Yakitoka kidogo yanasaidia. Yakitoka kila siku yanawanyamazisha askari. Waganga waliochunguza katika maabara wameona kokeni ikivuruga salamu ambazo askari hupelekeana, na wameona virusi vya UKIMWI vikizaana upesi zaidi katika chembechembe zilizotiwa kokeni. Tena mtumiaji husahau kumeza vidonge vyake vya kila siku. Adui anapata nafasi mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wenzangu mtalielewa upesi. Levamisoli ni dawa ya minyoo ya mbuzi na kondoo. Zamani ilitumika hata kwa watu, lakini Marekani iliondolewa katika matumizi ya watu mwaka 2000, kwa sababu kwa baadhi yao ilimaliza askari weupe wa damu. Wauza unga wakaanza kuichanganya na kokeni ili mzigo uwe mkubwa. Mwaka 2009 wakuu wa afya wa Marekani walitoa onyo, kwa sababu watu walikuwa wakifika hospitali na homa kali na vidonda vya koo, na damu yao ikipimwa, askari wa doria karibu wote hawapo. Baadhi yao walikufa kwa magonjwa ambayo mtu mzima huyashinda kwa siku tatu. Mtu anadhani ananunua raha, kumbe amenunua dawa ya minyoo ya mbuzi inayomaliza jeshi lake.

5. HEROINI NA SINDANO

Heroini ndiyo iliyoumiza pwani yetu zaidi, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Yenyewe inawalaza askari na kupunguza pumzi. Lakini balaa kubwa ni sindano. Sindano inaruka ukuta wote wa ngozi na kumwingiza adui moja kwa moja katika damu: UKIMWI na homa za ini. Mwaka 2005 iliandikwa kwamba baadhi ya watumiaji maskini wa Dar es Salaam, wasiokuwa na fedha ya kununua kete, walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga. Fikiri, ndugu, umaskini unaweza kumfikisha mtu mahali gani.

Lakini hata hao hawakutupwa. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa watumiaji dawa ya methadoni, ambayo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na kuondoa haja ya sindano. Watu waliokwisha kuhesabiwa kama wafu wamerudi kwa watoto wao na kazini.

6. NANI ANAFAIDIKA?

Tusifikiri kwamba ulevi wa mfanyakazi huja wenyewe kama mvua. Mara nyingi kuna mkono wa mtu.

Katika bandari ya New Orleans, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, wapakizi wa meli, wengi wao watu weusi, walitumia kokeni ili waweze kubeba mizigo saa nyingi bila kulala. Wako wasimamizi waliowapa wenyewe. Mzigo ulipakiwa, meli ikaondoka, mpakizi akabaki na ugonjwa.

Katika mashamba ya mizabibu ya Cape, Afrika Kusini, vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa divai, vikombe kadhaa kwa siku, tangu siku za wakoloni wa kwanza. Sheria ilikataza jambo hilo katika miaka ya 1960, lakini mashamba mengine yaliendelea mpaka miaka ya 1990. Mkoa ule mpaka leo unahangaika na kifua kikuu, na watoto wengi huzaliwa na kasoro kwa sababu mama walikunywa wakiwa na mimba.

Sasa rudi katika ghala letu na kile kidumu cha kanyanga. Je, mnyapara alikuwa na huruma? Kikombe cha pombe ni rahisi kuliko malipo ya saa za ziada. Ni rahisi kuliko kuongeza watu wa zamu. Ulevi ulitumika kama mafuta ya mashine, na mashine ilipoharibika ikatupwa.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, tusimcheke mgonjwa. Ulevi ukifika kiwango cha utumwa ni ugonjwa, waganga huuita uraibu. Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mwongozo mwaka 1996 unaosema kwamba matatizo ya pombe na dawa za kulevya kazini yahesabiwe kuwa matatizo ya afya, na mfanyakazi atendewe kama mgonjwa mwingine yeyote. Kila mjumbe wa tawi aukumbuke mwongozo huo anapokwenda kumtetea mwenzake mbele ya mwajiri. Kutetea hapa si kuficha. Mtu mlevi asishike mashine wala usukani, maana atawaumiza wengine. Aondolewe kwenye mashine, apelekwe kutibiwa, na nafasi yake ilindwe.

Pili, kikohozi cha wiki mbili si cha kusubiri. Ukiona kikohozi hicho, pamoja na jasho la usiku, kukonda, au damu katika makohozi, nenda kituo cha afya, au umwone mshauri wa afya wa mudugudu wako. Matibabu ya kifua kikuu ni bure. Kwa kawaida dawa ni za miezi sita, na lazima zimalizwe. Wakati huo pombe iachwe kabisa, maana pombe na dawa zile kwa pamoja zinaliumiza ini.

Tatu, aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani. Mwili unaweza kushikwa na kifafa na kuona vitu visivyokuwapo, na mtu anaweza kufa. Aende kwanza kwa mganga wa hospitali. Hapa kwetu iko Hospitali ya Ndera, na kituo chake cha Icyizere kule Kicukiro. Huko kusini kipo kituo cha Isange cha Huye. Uliza kwanza katika kituo chako cha afya upate barua, na hakikisha mituweli yako imelipwa.

Nne, tawi likatae pombe kuwa sehemu ya kazi. Mnyapara akileta kidumu, tawi lidai chai, uji, na malipo ya saa za ziada. Mfanyakazi mmoja akikataa atafukuzwa. Wakikataa wote arobaini, kidumu kitarudi kilikotoka.

Tano, tukumbuke kwamba askari wa mwili hurudi. Mtu akiacha sumu, akala na akalala, uboho unaendelea kutengeneza askari wapya. Hata wale waliomalizwa na levamisoli, wengi wao damu yao ilirudi sawa baada ya wiki moja au mbili walipoacha unga na kutibiwa.

Mwaka juzi mwenzetu mmoja wa shamba la chai alianza kukohoa hivyo hivyo, na alikuwa mnywaji. Safari hii wenzake hawakusema ni vumbi. Walimpeleka kupimwa, wakakaa na mwajiri mezani, nafasi yake ikalindwa, na kila jioni mmoja wao alipita nyumbani kwake ili asiende kilabuni peke yake. Alimaliza miezi sita. Leo anachuma chai, na mkanda wake umerudi tundu la zamani. Hakufanyiwa muujiza. Alifanyiwa yale ambayo sisi wa ghala hatukumfanyia mwenzetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

(a) Taja walinzi wa mwili uliowasoma. Pombe inamharibu kila mmoja namna gani?

(b) Piga hesabu ya kileo unachokunywa kwa wiki, na fedha yake. Fedha hiyo ingenunua nini nyumbani?

(c) Katika kazi yenu, pombe inaingia kwa njia gani? Nani anailipia, na nani anapata faida?

(d) Mwenzenu akionekana amelewa kazini kesho, tawi lenu litasema nini mbele ya mwajiri? Andikeni maneno hayo leo, msisubiri siku hiyo ifike.

Ndugu, askari mmoja wa damu hawezi kumshinda adui; wanashinda kwa wingi wao na kwa kupelekeana habari. Nasi ni hivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.